Willis O'Brien: Bondia Aliyemfunza King Kong Kupigana, na Kile Vita Zako za LEGO Zinakosa

Hebu kuwa mkweli kidogo. Kuna klipu yako ya LEGO imekaa tu kwa simu, ile ya ninja na askari wakichapana juu ya meza ya mathe, na hujawahi kuonyesha mtu. Ulipiga picha karibu mia tatu, ukakesha mpaka saa nane usiku, mgongo ukaisha. Halafu ulipoicheza ukaona wanasesere wawili wanapunga mikono kama watu wanafukuza nzi. Ngumi inafika lakini hakuna mwenye anaumia. Mmoja anaanguka polepole, kama mtu ameamua tu kwenda kulala.

Wasee wengi wakifika hapo wanalaumu simu. Wanasema wangekuwa na kamera ya maana, ama zile LEGO orijino badala ya hizi feki za downtown, mambo yangekuwa fiti. Zii. Kuna jamaa alimaliza hiyo shida zaidi ya miaka 90 iliyopita, na hakuwa na simu, hakuwa na kompyuta, hata picha aliyopiga asubuhi hangeweza kuiona mpaka filamu isafishwe. Anaitwa Willis O'Brien, na mabeste wake walimwita Obie. Yeye ndiye alifanya King Kong wa 1933 atembee, akasirike, na avunje dinosau taya. Na kabla ajue kupiganisha wanasesere, alikuwa amepanda ringi yeye mwenyewe na akachapwa.

Hiyo sehemu ya kuchapwa ndiyo nataka ushike.

Obie alizaliwa tarehe 2 Machi 1886 huko Oakland, California, ng'ambo ya ghuba ukitoka San Francisco. Akiwa na miaka 11 alihepa home akaenda kufanya kazi kwa ranchi za ng'ombe. Wewe ukiwa na hiyo miaka ulikuwa unatumwa dukani tu na unapoteza chenji. Miaka iliyofuata alifanya kila kibarua unachojua: shamba, kiwanda, kutega wanyama wa manyoya, kuuza baa, kuchunga ng'ombe juu ya farasi. Kuna wakati alikuwa anaongoza watafiti waliokuwa wakisaka mifupa ya wanyama wa kale huko Oregon, upande wa Crater Lake, na hapo ndipo dinosau walimwingia kichwani wasitoke tena.

Aliporudi mjini alipata kazi kwa ofisi ya msanifu majengo, halafu akawa mchoraji wa katuni za michezo kwa gazeti la San Francisco Daily News. Fikiria hiyo kazi. Unalipwa kuangalia mwili wa mtu akipiga, akianguka, akikimbia, na unatakiwa uishike hiyo yote kwa mchoro mmoja uliosimama. Halafu kama hiyo haitoshi, jamaa akaingia ndondi za kulipwa. Mwanzoni alishinda. Baadaye akakutana na msee aliyemwonyesha kivumbi, na Obie akaamua glavu zikae tu nyumbani.

Sasa, mtu amewahi kupanda ringi anajua kitu ambacho mtu wa kuangalia tu hajui. Ngumi haianzii kwa mkono. Inaanzia kwa mguu wa nyuma, inapanda kwa kiuno, inapinda bega, na mkono ndio unamalizia safari. Kabla iende mbele, mwili umeenda nyuma kidogo. Na ikishakupata, kichwa kinaondoka kwanza, mabega yanafuata, miguu ndiyo inajua mwisho kwamba mambo yameharibika.

Rudi kwa ninja wako. Ulichofanya ni kuinua mkono wake picha moja baada ya nyingine, kwa hatua zinazotoshana, mpaka ukagusa askari. Mwili wote ulisimama kama mlingoti. Naelewa, kwa sababu LEGO hana kiwiko wala goti. Anageuza kichwa, mikono miwili, viganja viwili na miguu miwili, basi, viungo saba tu. Lakini anaweza kuinamishwa mwili mzima. Weka kadonge ka ile gundi laini ya kubandika posta chini ya mguu mmoja, umlaze nyuma kidogo kwa picha tatu au nne. Mwache hapo picha mbili zaidi ndio jicho lingoje. Halafu picha moja tu, narudia moja, awe ameshafika mbele na mkono umenyooka. Usionyeshe safari ya katikati. Jicho la mtazamaji litaijaza lenyewe, na ngumi itaonekana ina uzito ambao plastiki haina.

Sasa tuone vile Obie aligundua hii maneno. Baada ya ndondi alikuwa anafanya kazi kwa karakana ya kuchonga marumaru huko San Francisco. Inasimuliwa kwamba siku moja, kazi ikiwa imepoa, yeye na mwenzake walifinyanga mabondia wadogo wa udongo wakaanza kuwapiganisha juu ya meza. Mchezo tu wa kupitisha saa. Lakini Obie akaangalia hao watu wa udongo wakibadilishwa mkao mmoja hadi mwingine, na akajiuliza itakuwaje kama kila mkao ungepigwa picha kwa kamera ya sinema.

Umeona hiyo? Mtu mkubwa kuliko wote kwa hii sanaa alianza na kile kitu unafanya wewe: wanasesere wawili, meza moja, na vita.

Alijaribu na dinosau wa udongo na mtu wa pangoni, filamu fupi sana ya majaribio. Mwenye kumbi za sinema mmoja wa San Francisco, Herman Wobber, akaiona na akatoa dola 5,000 atengeneze kitu kamili. Obie akatengeneza The Dinosaur and the Missing Link mwaka wa 1915, kakichekesho ka dakika chache ambamo kiumbe nusu nyani nusu mtu anajaribu bahati yake na dinosau na anajuta. Kampuni ya Thomas Edison ikainunua, ikaitoa 1917, na ikamwajiri jamaa atengeneze zingine.

Kutoka hapo ungedhani maisha yamenyooka. Wapi. Obie alikuwa fundi wa kuanzisha vita kwa meza, lakini nje ya meza alikuwa mpole sana, na watu wapole kwa biashara ya muvi wanakulwa hai. Alipotengeneza The Ghost of Slumber Mountain, iliyotoka mwishoni mwa 1918, kazi ya kuhuisha wanyama ilikuwa yake, lakini mtayarishaji Herbert Dawley akaikata vipande na sifa akajipakulia mwenyewe. Filamu ilileta doh nzuri. Obie hakuona nyingi.

Lakini ndani ya hiyo filamu kulikuwa na dinosau wakipigana, na hao ndio walimfungulia mlango mwingine. Akaletwa kufanya The Lost World, kutoka kitabu cha Arthur Conan Doyle, yule yule wa Sherlock Holmes. Mwaka wa 1922 Conan Doyle alibeba kipande cha majaribio cha Obie mpaka New York, akakionyesha kwa mkutano wa chama cha wanamazingaombwe, na akakataa kuwaambia kama hao wanyama ni wa ukweli au la. Hao ni watu ambao kazi yao ni kudanganya macho, na walibaki wakikuna vichwa. Kesho yake hiyo stori ilikuwa kwa New York Times. Dawley naye akaamka na vitisho vya korti akidai mbinu ni zake. Filamu ilitoka 1925, na ikawa hit.

Kwa hiyo kazi kuna jina lingine usisahau: Marcel Delgado. Alikuwa kijana aliyezaliwa Mexico, anafanya kazi dukani na kusoma sanaa jioni huko Los Angeles. Obie alimpata shuleni, akaona mikono yake, akamtaka aje studioni. Delgado ndiye alijenga miili. Mifupa ya chuma yenye viungo vya kuzunguka, misuli ya mpira juu yake, na kwa wengine kibofu ndani cha kujaza hewa ndio kifua kipande na kushuka kama mtu anapumua. Angalia hapo. Mnyama amesimama tu, hafanyi kitu, lakini anapumua. Watu wako wa LEGO hawapumui, lakini kati ya ngumi na ngumi unaweza kugeuza kichwa kidogo, ukashusha mkono nusu, ukarudisha. Mtu aliyetulia tuli kabisa kwa picha ishirini ni plastiki. Mtu aliyesonga kidogo sana anafikiria.

Tufike kwa Kong sasa, najua hiyo ndiyo ulikuwa unangoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Obie alikuwa kampuni ya RKO akitengeneza filamu ya dinosau iitwayo Creation. Pesa zilikuwa zinaenda, uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, na mzee mmoja anaitwa Merian C. Cooper akaletwa kukagua miradi. Cooper akaangalia Creation na akaiua. Akasema haina hadithi, ni wanyama wanatembea tu. Lakini akaona mikono ya Obie. Yeye alikuwa anaota muvi ya sokwe mkubwa, na hakujua atampata wapi. Huyo hapa.

Kong unayemwona akipigana msituni alikuwa mwanasesere wa kama sentimita 46, mifupa ya chuma, mpira, na ngozi ya sungura juu. Yaani urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Filamu inapita picha 24 kwa sekunde, kwa hivyo sekunde moja ya Kong ni mara 24 za kusongeza mwili, mikono, vidole, na uso, kisha kutoka njiani na kubonyeza kamera. Wewe ukishuti picha 12 kwa sekunde, kila picha ikikaa mara mbili, unafanya nusu ya hiyo kazi na bado unalia.

Tafuta ile scene ya Kong na tiranosau uiangalie leo usiku, lakini uiangalie kama mwizi. Kwanza, ona kabla ya vita. Kong amemweka yule dem, Ann, juu ya mti mkavu. Dinosau anatokea, na kitu cha kwanza anafanya si kunguruma. Anajikuna sikio. Hakuna mtu alimlazimisha Obie kuweka hiyo. Ni kazi ya ziada ya picha nyingi kwa kitu ambacho hakisongezi hadithi hata hatua moja. Lakini ukishaona mnyama anawashwa na sikio, umeamini ana ngozi, na mwenye ngozi anaweza kuumia.

Halafu wanashikana. Kong anarusha mangumi kama bondia, anazunguka, anaingia karibu, anatoka. Anamdandia mgongoni na anatupwa. Anamshika na kumpitisha juu ya bega kama wanamieleka. Hizi si mbinu za sokwe, ni mbinu za binadamu ndani ya ringi, na hapo unaona yule kijana wa Oakland. Kila mara Kong akirusha kitu na kikose, mwili wake unaenda na hicho kitu, anayumba, inabidi ajirudishe. Akipigwa haanguki tu. Anaanguka, anagonga chini, anaruka kidogo, halafu anatulia, halafu anatafuta miguu yake.

Na kuna kitu kingine ambacho wasee wa LEGO huwa tunasahau kabisa. Mimi pia, usione nakucheka. Hiyo vita haina mshindi kutoka mwanzo. Kong yuko juu, halafu yuko chini, mti unaanguka na Ann anabanwa chini yake, na kila mara wakisukumana unajua kuna mtu hapo karibu anaweza kukanyagwa. Vita za klipu zetu ni mtu mmoja anachapa wengine kumi na wawili bila kutokwa jasho. Inabamba kwa sekunde tano, halafu unaanza kuangalia saa.

Mwisho Kong anafungua ile taya kwa mikono miwili mpaka inavunjika. Ungedhani imeisha, sivyo? Obie hajamaliza. Kong anainama, anaishika ile taya iliyovunjika, anaifungua, anaiachilia, anaifungua tena. Anaangalia kama jamaa amekufa kweli. Kama mtoto na kitu kimeharibika. Hapo ndio anasimama na kupiga kifua.

Hata hicho kifua kina stori. Msee wa sauti, Murray Spivack, alijaribu ngoma tofauti na hakuna iliyokubali. Mwishowe akachukua kijiti cha ngoma chenye kitambaa akampiga msaidizi wake kifuani, maikrofoni ikiwa upande wa mgongo. Mngurumo wa Kong nao ni simba na chui milia waliorekodiwa, sauti ikachezwa kinyumenyume na kushushwa. Kwa hivyo ukimaliza kuhariri vita yako, usichukue ile sauti ya ngumi ya bure kila mtu anatumia. Funga taulo ndani ya gazeti, piga na mwiko, rekodi kwa simu chini ya blanketi. Ongeza kasauti kadogo ka plastiki kikigonga meza wakati mwili unaanguka, picha moja baada ya pigo, si pamoja nalo.

Makosa pia yalikuwepo, na mengine yalifanya filamu iwe bora. Kila mara Obie na wasaidizi wake wakimshika Kong kumsongeza, vidole vyao vilivuruga manyoya ya sungura. Kwa hivyo kwa skrini manyoya yanacheza cheza muda wote. Inasimuliwa kuwa wakubwa wa RKO waliona hivyo wakasifu sana, wakidhani ni makusudi kuonyesha Kong amekasirika. Kuna pia stori ya ua la ukweli lililokuwa limeachwa ndani ya msitu wa bandia. Walipiga picha siku nzima, na walipotazama baadaye, ua lilikuwa linafunguka kwa kasi kando ya mnyama. Kazi ya siku, ikaenda. Ukiona klipu yako inawaka na kuzima kwa sababu jua la dirishani lilisonga wakati unashuti, jua uko kwa ukoo mzuri. Funika dirisha, tumia taa moja, funga mwangaza na fokasi ya simu visibadilike vyenyewe.

King Kong ilifunguliwa New York tarehe 2 Machi 1933, siku ambayo Obie alikuwa anafikisha miaka 47. Watu walipiga foleni katikati ya ule uchumi mbaya. RKO wakapata pumzi. Na Oscar? Hakuna. Wakati huo hakukuwa hata na tuzo ya ufundi wa aina hiyo.

Mwaka huo huo RKO wakataka muendelezo haraka haraka, Son of Kong, na bajeti ndogo. Katikati ya hiyo kazi, Oktoba 1933, vijana wawili wa Obie, William na Willis Junior, waliuawa na mama yao, ambaye Obie alikuwa ametengana naye. Alikuwa mgonjwa sana, na akajipiga risasi pia. Alifariki mwaka uliofuata. William alikuwa kipofu. Sina la kuongeza hapo. Filamu ilitoka Desemba, na Obie hakupenda kuizungumzia maisha yake yote. Mwaka wa 1934 alioa tena, Darlyne, ambaye alikaa naye mpaka mwisho.

Baada ya hapo ilikuwa kusota. Ungefikiria mtu ametengeneza King Kong atapigiwa simu kila siku, lakini stopu-mosheni ilikuwa polepole na ghali, na mabosi hawapendi vitu viwili hivyo. War Eagles, ya watu wakipanda ndege wakubwa, ikaanza na ikafungwa. Gwangi, ya machoboi wa Marekani wakijaribu kumfunga dinosau kwa kamba, ikachorwa, ikajengwa, na ikafungwa pia. Karibu muongo mzima wa michoro kwa droo.

Wakati wa War Eagles kuna kijana alimpigia simu. Huyo kijana alikuwa ameona King Kong akiwa na miaka 13 na hakulala vizuri tena, na alikuwa anatengeneza dinosau wake mwenyewe nyumbani kwao Los Angeles, kwa karakana ya buda. Amecha kama wewe. Akabeba wanyama wake kwa sanduku mpaka ofisini kwa Obie. Obie akamshika stegosau, akamwangalia, na akamwambia waziwazi kuwa miguu inafanana na soseji. Akamshauri aende asome mwili: mifupa inakaa wapi, misuli inashika wapi, uzito unashukia wapi. Kijana hakununa. Alijiandikisha darasani. Jina lake ni Ray Harryhausen.

Cooper alipoamua kutengeneza sokwe mwingine, Mighty Joe Young ya 1949, Obie ndiye alikuwa mkuu wa ufundi, na sehemu kubwa ya kusongeza Joe ilifanywa na huyo Harryhausen. Hadithi inaanzia huku kwetu, Tanganyika, kwa shamba la mzungu ambaye binti yake anamlea sokwe. (Usiende kutafuta sokwe mlima kwa mbuga za Tanzania, bana. Hao wako Uganda, Rwanda na Congo. Hollywood haijawahi kusoma ramani.) Kuna scene Joe anavutana kamba na mibaba kumi kwa klabu ya usiku, na mmoja wao ni Primo Carnera, bingwa wa dunia wa uzito wa juu wa zamani, mtu wa ukweli kabisa. Carnera akishindwa kwa kamba anaamua kumrushia Joe ngumi. Joe hasikii kitu. Anamwangalia tu, kwanza. Ile sekunde ya kumwangalia ndiyo inachekesha, na ndiyo wewe ungekata kwa sababu unataka vita iende haraka.

Hiyo filamu ilishinda Oscar ya ufundi, na sanamu ikaenda mikononi mwa Obie. Alikuwa na miaka 64. Bado kazi haikumiminika. Miaka ya 1950 alikuwa anafanya filamu za bajeti ya chai, kama The Black Scorpion ya 1957, nge wakubwa wakipigana chini ya ardhi, na hata hapo mikono yake inaonekana. Mwaka wa 1960 wakarudia The Lost World na wakamwajiri, halafu badala ya wanasesere wakatumia mijusi halisi iliyobandikwa pembe. Jina lake lilikuwa kwa filamu, kazi yake haikuwa.

Lile la mwisho ndilo linauma. Obie alikuwa na wazo la Kong kupigana na jitu la Frankenstein. Alichora, akaandika, akampa mtayarishaji anaitwa John Beck amtafutie studio. Beck akazunguka nalo, mwishowe likaishia Japani kwa kampuni ya Toho, jitu likatolewa, Godzilla akaingia. King Kong vs. Godzilla ikatoka 1962. Kong aliyepigana humo alikuwa mtu ndani ya vazi. Obie hakutajwa, na hakulipwa.

Alifariki Los Angeles tarehe 8 Novemba 1962, akiwa na miaka 76. Wakati huo alikuwa anafanyia kazi It's a Mad, Mad, Mad, Mad World, ile sehemu wanaume wanarushwa huku na huku na ngazi ya zimamoto. Wengine waliimaliza. Gwangi ilitoka droo 1969, na aliyeitengeneza ni yule kijana wa miguu ya soseji.

Na kabla ya Gwangi, mwaka wa 1963, Harryhausen alitoa Jason and the Argonauts. Watu watatu dhidi ya mifupa saba yenye panga na ngao, vita ambayo ilimla zaidi ya miezi minne kuisongeza. Iko mtandaoni. Mifupa inatoka ardhini, inasimama, inangoja. Inapiga hatua moja polepole, ngao mbele, magoti yamekunjwa. Halafu nyingine. Ndio inapiga nduru na kukimbia.